Haki ya Zamu

Nguvu, katika mchezo wa karata, haijapata kuwa hatia. Basha humshinda bibi, bibi humshinda ghulamu, na turufu, ijapokuwa ni ya namba ndogo kuliko zote, huiinamisha ree ya aina nyingine mbele ya watu wote. Wala sijapata kumwona mchezaji mwenye akili yake aliyelalamika kwamba daraja hizi zipo, kwa maana bila ya daraja karata zingekuwa vipande vya karatasi vilivyotiwa rangi, visivyo na la kutumainiwa wala la kuogopwa. Hata hivyo, katika kila mchezo wa karata uliodumu vya kutosha kupata wazee wake na mabingwa wake, hukutwa karata moja au kadhaa ambazo wachezaji wenyewe, kwa ridhaa yao na bila ya kushurutishwa na serikali wala dini, wameafikiana kuzitia lijamu: hii isitumike kumalizia, ile isifungue mchezo, nyingine isizidi moja kwa mtu mmoja, na nyingine tena isionekane kabisa. Kwa nini watu wanaoitafuta nguvu kwa jitihada zao zote hugeuka wakaipunguza kwa hiari yao? Hilo ndilo suala ninaloliweka mbele ya msomaji, nami naliweka kwa dhati, maana naamini kuwa jibu lake linafaa nje ya jamvi la karata kama linavyofaa juu yake.

Mahali pazuri pa kulitazama suala hili ni Lusenda, katika teritwari ya Fizi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015, wakati machafuko ya Burundi yalipowavusha maelfu ya watu kuingia Kongo, nayo ilipojaa ikafunguliwa nyingine Mulongwe, karibu na Baraka, mwaka 2017. Wabembe walio wenyeji wa nchi hiyo si wageni wa maisha ya kambi, kwani wengi wao walivuka ziwa katika vita vya 1996, wakakaa miaka mingi Nyarugusu na Lugufu katika mkoa wa Kigoma, na kuanzia 2005 wakarejeshwa kwa meli hadi Baraka. Kwa hiyo wakiketi vijana wanne chini ya turubai kucheza karata, aghalabu wameketi pamoja watu waliojifunza mchezo katika nchi tatu: mmoja mitaa ya Bujumbura, mwingine baina ya Watanzania wa Kasulu, na wa tatu hapo hapo Fizi, ambako ree huitwa kwa jina la Kifaransa. Jozi ya karata ni moja na picha zake ni zile zile, lakini sheria walizozibeba vichwani si moja. Ndipo kabla ya kuchanga karata husikika maneno ya namna hii: “Yaya, tusemezane mbele: as inamalizaka, ao haimalizake?” Na mkubwa hujibu: “Hapa kwetu haimalizake, mudogo wangu, na joker inakulishaka tano.” Wakisha kuelewana, karata hugawiwa.

Mazungumzo hayo madogo, ambayo mpita njia angeyadhania kuwa ni porojo za kupisha jua, mimi nayahesabu kuwa ni utungaji wa sheria wa daraja ya juu. Hakuna kati yao ajuaye ni nani atakayeipata ree. Kila mmoja anaiwekea mpaka nguvu ambayo, kwa bahati, huenda ikawa yake mwenyewe baada ya dakika moja. Sheria itungwayo katika hali hiyo ya kutojua ina insafu kuliko ile itungwayo na mtu aliyekwisha kuziona karata zake.

Tazama jinsi jambo hili lilivyokamilishwa nchini Kenya, katika mchezo wa jamii hiyo hiyo waitao kadi. Humo mbili na tatu humlisha mpinzani, yaani humwokotesha karata, jokari humlisha tano, ghulamu humruka mtu, basha huurudisha mzunguko ulikotoka, bibi na nane huuliza swali ambalo lazima lijibiwe, nayo ree huikinga adhabu na kuamuru aina itakayofuata. Ungetazamia kwamba mwenye karata hizo ndiye atakayemaliza kwanza. Lakini kanuni inasema kwamba mchezo haumalizwi kwa karata ya nguvu hata moja, bali humalizwa kwa nne, tano, sita, saba, tisa au kumi, yaani kwa raia wa kawaida wa jozi ile, wasiolisha wala kuruka wala kuuliza. Juu ya hayo, anayekaribia kumaliza hana budi kutangaza kwa sauti, “Niko kadi,” ili wenzake wapate mzunguko mmoja wa kumzuia. Kanuni hizi mbili ukizitazama juu juu hazihusiani, lakini zote mbili zinalinda kitu kimoja, nacho ni zamu ya mwenzako. Nguvu imeruhusiwa kutamba katikati ya mchezo kadiri itakavyo. Kilichokatazwa ni nguvu kuwa neno la mwisho, lisilo na onyo mbele yake wala jibu nyuma yake.

Waganda nao wana Matatu, mchezo ambao mwanzoni mwa miaka ya 2010 uliingizwa katika simu na vijana wa Kampala wa Kola Studios, ukachezwa na watu wasiopata kuonana uso kwa uso. Ndani ya Matatu imo karata ya kuogopesha kuliko zote: saba ya aina iliyofunuliwa mwanzoni, ambayo huukata mchezo papo hapo. Lakini hiyo pia imewekewa kizuizi chake, tena kizuri sana kwa maoni yangu, maana mchezo ukisha kukatwa, alama za karata zilizosalia mikononi huhesabiwa, na mshindi ni mwenye alama chache. Kwa hiyo aliyekata kwa pupa, bila ya kukisia wenzake wameshika nini, hujikata mwenyewe. Upanga ule umeachwa na makali yake, ila umetiwa makali pande zote mbili.

Na michezo hii yote ya jozi moja ina kizuizi kingine ambacho ni nadra kukifikiria, kwa sababu ni cha kimaumbile: ree ni nne tu. Tajiri na fukara huchukua kutoka rundo moja, na hakuna mali iwezayo kuifanya ya tano itokee. Lakini mwaka 1993 mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, kwa njia ya kampuni ya Wizards of the Coast, aliutoa mchezo wa Magic: The Gathering, ambao ndani yake kila mchezaji hununua karata zake, hujipangia jozi yake mwenyewe, na huja nayo barazani. Mwanzoni hapakuwa na mpaka wa nakala; aliyependa angeweza kuijaza jozi yake karata moja ile ile yenye nguvu, mara kumi au ishirini. Haukupita muda, na Januari 1994 ikatolewa orodha ya kwanza ya karata zilizozuiliwa, ambazo mtu haruhusiwi kuwa nazo zaidi ya nakala moja moja katika mashindano. Kizuizi ambacho jozi ya kale ilizaliwa nacho, huku kikabidi kiandikwe kwa kalamu.

Miongoni mwa karata hizo za kale imo Time Walk, ambayo kwa gharama ndogo sana humpa mwenye nayo zamu ya ziada. Haimuui mpinzani wala haimjeruhi. Hata maandishi yake ni ya mstari mmoja. Lakini nifikiripo juu ya karata zote zilizowahi kuzuiliwa, hiyo ndiyo ninayoiona kuwa dhahiri kuliko zote, kwa sababu inafanya waziwazi lile ambalo nyingine hulifanya kwa kificho: inamwambia mwenzako anyamaze, useme wewe mara mbili. Ancestral Recall, ivutayo karata tatu kwa bei ya moja, na Pot of Greed ya mchezo wa Kijapani wa Yu-Gi-Oh!, ivutayo mbili bila ya malipo yoyote na iliyopigwa marufuku kwa miaka mingi, nazo zina kosa la ukoo huo huo, maana anayevuta mbili wakati wewe unavuta moja amejipatia zamu uliyonyimwa, ingawa saa ya mchezo inaonyesha kuwa mko sawa.

Michezo hii ilipohamia katika simu na tarakilishi, kwa mchezo wa Hearthstone mwaka 2014, kwa Magic Arena mwaka 2019 na kwa Master Duel ya Yu-Gi-Oh! mwaka 2022, hali ilizidi kubainika, kwa sababu sasa kila mchezo unaochezwa huandikwa, na watawala wa mchezo huweza kuona karata fulani imeshinda mara ngapi na imetumiwa na watu wangapi. Ungedhani basi kwamba wao huzuia karata kwa hesabu tupu ya ushindi. Hesabu ina nafasi yake. Lakini angalia sababu waliyoitoa watu wa Hearthstone walipoipandisha bei karata ya Leeroy Jenkins kutoka nne hadi tano, Septemba 2014. Walisema kwamba karata hiyo ilizaa mbinu za kumwangusha mpinzani kwa zamu moja, bila ya kuwa na karata yoyote mezani, na kwamba kupigwa pigo kubwa kama hilo ghafla hakumpi mtu cha kufanya wala ladha ya mchezo. Hawakusema kuwa Leeroy anashinda mno. Walisema kuwa aliyeshindwa hakupewa nafasi ya kuona jambo likimjia. Wale wa Kenya wenye “niko kadi” wangewaelewa bila ya mkalimani.

Iko dhuluma nyingine, ya polepole zaidi. Oktoba 2019 ilitoka katika Magic karata iitwayo Oko, yenye uwezo wa kumgeuza kiumbe chochote kilicho mezani, joka kwa malaika, kuwa mnyama wa mwituni wa namna moja, asiye na sifa yake ya awali. Katika mashindano makubwa ya Novemba mwaka huo huko Richmond, Marekani, takriban wachezaji saba katika kila kumi walikuja na Oko, na tarehe 18 ya mwezi huo akapigwa marufuku katika daraja ya kawaida ya mashindano. Huyu aliwapa wapinzani zamu zao zote, lakini zamu hizo zilikuwa hazina kitu, kwa kuwa lolote uliloliweka mezani lilivuliwa jina lake. Na kwa kuwa asiyekuwa naye alishindwa na aliyekuwa naye, kila mtu akalazimika kumtafuta, mamia ya karata nyingine zikalala makabatini, na mchezo wa watu wengi wenye fikira nyingi ukawa mchezo wa mtu mmoja akijitazama katika kioo. Aliye na fedha alimpata siku ya kwanza. Kijana wa Baraka anayenunua mega kidogo kidogo, na kuchajisha simu kwenye kibanda cha nishati ya jua, angempata lini?

Kupunguza idadi nako si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2020 ilitokea katika Magic hiyo hiyo karata iitwayo Lurrus, ambayo hukaa nje ya jozi na kumngojea bwana wake kila mchezo, kwa hiyo kumwambia mtu awe na nakala moja tu ilikuwa sawa na kutomwambia kitu, maana moja ndiyo aliyoihitaji. Katika daraja iitwayo Vintage, ambamo kwa miaka mingi karata zilipunguzwa kwa nguvu zake lakini hazikufukuzwa, Lurrus alifukuzwa kabisa. Kisha kanuni ya karata za namna yake ilipobadilishwa, ikawa lazima mtu alipe kwanza ndipo aishike, marufuku ikaondolewa mwaka 2021. Napenda tukio hilo kwa sababu linaonyesha watu walioweza kutenganisha nguvu na njia yake: Lurrus alirudi na uwezo wake wote, ila sasa mpinzani humwona akija.

Sasa nimsikilize mwenye malalamiko, maana analo la haki. Husema: “Nimeinunua kwa pesa yangu, nimejifunza kuitumia kwa usiku mwingi, na nyinyi mliniuzia mkijua nguvu yake, leo mnaniambia haifai?” Siwezi kumwita mtu huyu mlafi. Hearthstone, ikiipunguza karata, humruhusu mwenye nayo kuivunja na kurudishiwa thamani yake kamili ya kutengenezea nyingine; Arena, ikipiga karata marufuku, hutoa badala yake. Huo ni uungwana, lakini ni uungwana wa upande mmoja wenye nguvu zote, na hapa ndipo ninapoingiwa na hadhari. Karata ya karatasi inaweza kufukuzwa barazani, lakini haiwezi kufutwa maandishi yake. Ukiirudisha nyumbani kwako Lusenda na ndugu zako wakikubali, utaicheza kama ilivyo. Karata ya simu ni vingine. Unalala ikiwa na bei nne, unaamka ina tano, na ile ya nne haipo tena popote duniani. Mwenye kampuni ameshika karata ambayo haimo katika orodha yoyote: uwezo wa kuibadili kila karata ya kila mtu kwa usiku mmoja. Ikiwa kweli tunazuia nguvu kwa sababu inanyima jibu, basi hakuna nguvu inayostahili lijamu kuliko hiyo, nami sijaridhika kwamba lijamu hiyo imekwisha kupatikana. Vijana walioketi chini ya turubai wana ubora juu ya kampuni zote kwa jambo moja, kwamba anayeitunga sheria ndiye atakayehukumiwa nayo, tena kabla hajaijua bahati yake.

Msomaji wa Fizi hahitaji kuambiwa kwamba habari hii si ya karata peke yake, maana anaiona ziwani. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zenye ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, ili ndagala na mikebuka wapate kuzaa na kukua. Juya likokotwalo hadi pwani, na nyavu za macho madogo, ni zana za nguvu kweli. Lakini zinapochukua samaki mchanga zinachukua zamu ya mwakani, ya mvuvi mwenyewe na ya jirani yake. Ilibidi nchi nne zifunge pamoja, kwa sababu kama Fizi ingetii peke yake na ng'ambo ya pili wasitii, mtiifu angekuwa ndiye mshindwa, sawa na mchezaji anayeiacha karata yake ya nguvu nyumbani akakutana na asiyeiacha. Naiunga mkono sheria hiyo. Lakini naiona pia tofauti iliyopo, nayo inaniuma: aliyepunguziwa karata hurudishiwa thamani yake kabla ya jua kuchwa, ilhali familia ya Lusenda inayopata kitoweo chake kutoka mtumbwi wa jirani hukaa miezi mitatu na sufuria tupu, na sheria njema huwafikia kwanza kwa njia ya njaa. Wanaofunga ziwa kwa haki wanapaswa kujifunza angalau hilo kutoka kwa wanaofunga karata, kwamba anayenyang'anywa kwa manufaa ya wote hulipwa na wote.

Naelekeza neno langu la mwisho kwa vijana wa Baraka, Uvira, Bujumbura na Kigoma wanaojifunza kuandika programu, ambao baadhi yao, natumaini, wataitia michezo yetu ya karata katika simu kama Waganda walivyoitia Matatu. Msiige mambo ya kampuni kubwa bila ya kuchagua. Kabla ya karata kugawiwa, wekeni mahali ambapo wachezaji wenyewe watakubaliana ni karata ipi inamaliza na ipi haimalizi, ipi inalisha na kwa kiasi gani, na mchezo usianze mpaka kila mmoja amekubali. Nanyi mkiona lazima kupunguza nguvu ya karata yoyote, tangazeni mapema, elezeni sababu kwa Kiswahili kinachofahamika pande zote za ziwa, na mrudishieni kila mtu alichokilipa.